Mwisho wa "Lost": nani aliwapoteza watazamaji?

Ukiitaja Lost kwenye kibanda umiza hapa Kibuta, hakosekani mtu wa kudakia: "Ile? Si wote walishakufa tangu ndege ilipoanguka!" Hata Marekani, ilikotengenezwa, wako wengi wanaosema hivyo. Si kweli, na tamthilia yenyewe inakanusha waziwazi. Imekuwaje basi watu walioifuatilia misimu 6 watoke na jambo ambalo hawakuambiwa?

Kituo cha ABC kilianza kuirusha Septemba 2004: ndege ya Oceanic 815, ikitoka Sydney kwenda Los Angeles, inaanguka kisiwani. Sehemu ya mwisho ilirushwa 23 Mei 2010, ikiwa imeandikwa na Damon Lindelof na Carlton Cuse na kuongozwa na Jack Bender.

Ujanja wote uko msimu wa 6, uliosimulia hadithi mbili sambamba. Moja iko kisiwani. Ya pili inaonyesha ndege ileile ikitua salama na abiria wakishika njia zao. Kwa kuwa msimu wa 5 uliishia kwenye mlipuko wa bomu, mtazamaji aliachwa aamini kwamba bomu limebadilisha historia. Ukweli ulifichwa hadi dakika za mwisho, kanisani, mhusika mkuu Jack anapokutana na baba yake aliyekwisha kufa. Hadithi ya pili, kumbe, ni mahali pa wafu kusubiriana. Ya kisiwani yalitokea kweli. Wengine walikufa kabla ya Jack, wengine muda mrefu baada yake.

Hapo ndipo hesabu ya waandishi ilipowakatalia. Fumbo la msimu mzima walilitegua kwa mazungumzo mafupi, tena wakati mtazamaji machozi yanamlengalenga. Nakala zenye sauti ya mtafsiri, kazi iliyompa Lufufu umaarufu Dar es Salaam, zina hatari zaidi: mtu mmoja anasema kwa niaba ya waigizaji wote, na akiruka sentensi moja pale kanisani, mwisho wote umepotea. Isitoshe, tangu msimu wa kwanza kulikuwa na waliobashiri kwamba kisiwa kile ni toharani, na watengenezaji wakakana mara nyingi. Walipoona wafu wamekusanyika kanisani, wabashiri wakajiona wameshinda.

Lakini kosa kubwa lilifanyika baada ya hadithi kwisha. Tamthilia ilifunguka kwa jicho la Jack likifumbuka na ikafungwa kwa jicho hilohilo likifumba; ufundi safi, naukubali. Kisha, majina ya watengenezaji yakipita, ABC ikaweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja. Nia ilikuwa kumpa mtazamaji nafasi ya kupumua kabla ya taarifa ya habari. Mtazamaji huyo, hata hivyo, alikuwa amefundishwa kwa miaka 6 kwamba hakuna picha ya bure. Akaona ufukwe mtupu, akahitimisha kwamba hakuna aliyepona. Alisoma vile alivyofundishwa kusoma. Baadaye ABC ililazimika kueleza kwamba picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi.

Wapo pia waliokasirikia mafumbo yaliyoachwa hewani, na hao nawaunga mkono. Mtoto Walt alitangazwa kuwa wa pekee, kisha akawekwa kando. Misimu miwili ya kwanza ilisimulia siku zisizofika 70, ilhali mwigizaji wake, Malcolm David Kelley, alikuwa akirefuka mwaka hadi mwaka. Sababu inaeleweka, ila anayemchagua mtoto kubeba fumbo anajua kwamba mtoto hukua. Majibu kadhaa, likiwamo la dubu wa barafu waliozagaa kisiwani, yaliwekwa kwenye kipande cha dakika 12 hivi kilichouzwa na DVD. Aliyeishia kwenye televisheni hakuyapata.

Ukiirudia, zima jicho la Jack likishafumba. Lawama ya picha za mabaki ibaki kwa ABC. Ya Walt ni ya Lindelof na Cuse.