Fulana Huhukumiwa na Beseni

Mdogo wangu, umemaliza kidato cha nne, una laki moja ya akiba, na unataka kuuza fulana za kuchapisha hapa Sumbawanga. Wateja wapo: mahafali, kipaimara, kwaya za parokia, timu za mtaani. Lakini mji wetu ni mdogo. Uliyemuuzia Jumamosi utakutana naye Jumapili kanisani, fulana yako ikiwa mwilini mwake. Kabla hujajifunza kuuza, jifunze kuikagua fulana.

Nguo si jambo geni huku kwetu Ufipa. Karne ya 19 wazee wetu walilima pamba na kufuma wenyewe. Livingstone alipopita ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1872 aliiona pamba hiyo na kuiandika. Leo fulana tupu hutoka Kariakoo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma. Unaagiza kwa simu kitu ambacho hujakigusa. Basi agiza 10 tu kwanza, uzipitishe kwenye vipimo hivi.

Uzito. Kitambaa hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Cha gramu 120 ukikiinua kwenye mwanga unahesabu vidole vyako. Cha 160 hadi 180 ndicho cha kuuza. Muuzaji atakutajia namba yoyote ile, kwa hiyo mwombe muuza maharage sokoni akupimie zote 10, saizi ya L. Zikiishia kilo 1 na robo, ni nyepesi. Zikivuka kilo 1 na nusu, umepata.

Uzi. Chomoa uzi pindoni, uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, hubaki kishanga kigumu. Poliesta si dhambi, wachezaji huipenda kwa kukauka upesi. Dhambi ni kuuziwa poliesta kwa jina la pamba.

Shingo na mishono. Ivute shingo upana wa kichwa, uiachie. Irudi papo hapo. Igeuze ndani nje: utafute utepe unaotoka bega hadi bega, na mishono miwili sambamba pindoni. Kisha ikunje katikati kwa urefu. Pande zikipishana, kitambaa kilikatwa kombo, na ikishafuliwa itajizungusha mwilini hadi mshono wa ubavu uje tumboni.

Chapa. Hapa Ufipa ina neno lake. Tuko juu, karibu mita 1,800, na asubuhi za Juni na Julai meno hugongana. Fulana iliyolala kwenye baridi huwa na unyevu. Ukiichapa hivyo hivyo, joto huishia kukausha maji, wino ukabaki mbichi chini. Wino wa plastisoli hutaka nyuzi joto zipatazo 160 ili uive mpaka kwenye kitambaa. Ibane fulana tupu kwenye mashine ya joto sekunde chache, mvuke utoke, ndipo uchape.

Hilo nilifunzwa na aibu. Nilichapa fulana 30 za kwaya Julai moja, bila kuzipasha. Siku ya kukabidhi ziling'aa. Wiki ya tatu herufi zilikuwa zimepasuka kama tope la Bonde la Rukwa wakati wa kiangazi, na waimbaji wamesimama mbele ya waumini na nusu ya jina la kwaya yao. Nilizirudia zote kwa fedha yangu.

Beseni. Sasa hukumu yenyewe. Chukua fulana mbili ulizochapa. Moja iweke kabatini. Ya pili ifue mara tatu kwa sabuni ya mche, ukamue, uanike juani. Zilaze pamoja mezani. Iliyofuliwa imepungua vidole vingapi? Nyeusi imegeuka kijivu? Vuta chapa kwa vidole gumba viwili: iliyoiva hunyumbuka pamoja na kitambaa, mbichi hukatika mstari. Ikishindwa hapo, usiuze hata moja ya mzigo ule.

Ikifaulu, ile iliyofuliwa usiivae. Itundike pembeni ya mpya. Mteja akiuliza mbona bei yako imezidi ya jirani, mpe aishike.