Hirizi, Mafundo na Ezekieli 13:17–23

Fungu hili husomwa katika sharika zetu kila mhubiri anapotaka kukemea uchawi. Tulilisikia likihubiriwa Chonyonyo, wilayani Karagwe, mbele ya mama aliyempakata mtoto mgonjwa mwenye uzi mweusi wa mafundo kiunoni. Mhubiri alisoma, akamwita mama yule mchawi, akaukata uzi kwa wembe mbele ya watu wote. Mama hakurudi tena kanisani. Twaona kwamba fungu lenyewe halikumpa mhubiri ruhusa hiyo.

Tuanze na neno. Watafsiri wa Union Version (1952) waliandika “hirizi”, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni kinga. Lakini neno la Kiebrania, kesatot, halipatikani katika Agano la Kale ila katika sura hii tu, na wataalamu wengi hulilinganisha na neno la Kiakadi lenye maana ya kufunga. (Watafsiri wa Septuaginta walidhani ni mito ya kulalia!) Basi msikilizaji wetu asikiapo “hirizi” huwaza kinga ya mtoto, hali nabii anena juu ya kifungo. Avaaye kinga ni mtu mwenye hofu. Afungaye wengine ni mwindaji.

Na wawindaji wametajwa waziwazi: ni wanawake watabirio kwa mioyo yao wenyewe, wanasao roho za watu kwa malipo ya shayiri kidogo na vipande vya mkate. Tena katika aya ya 20 Bwana aahidi kuvirarua vifungo hivyo kutoka mikononi mwa wanawake hao hao, na walionaswa awaachilie huru. Wembe wa mhubiri wetu ulielekea upande usio wake.

Mtu atasema kwamba hofu ya yule mama nayo ni ibada ya sanamu. Hatubishi; uzi ule haukustahili kubaki. Lakini katika Uamsho ulioingia Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, waliotubu walivileta vitu vyao wenyewe, wakaungama, ndipo vikachomwa. Kukatiwa uzi hadharani si toba. Yule mama aliondoka na mtoto yule yule, homa ile ile, na hofu iliyozidi. Wala hatukusikia kwamba mzee wa kanisa alimsindikiza hadi zahanati.

Jambo jingine latusumbua zaidi. Luther, katika Katekisimo Ndogo, aliuweka uchawi chini ya amri ya pili, yaani miongoni mwa matumizi mabaya ya jina la Mungu. Siku hizi viko vitambaa, bangili na chupa za mafuta vinavyouzwa kwa jina la Yesu, navyo hununuliwa hata na Walutheri wetu ili kufungua vizazi, biashara na ndoa. Hapo muuzaji yupo, bei ipo, na roho za watu zanaswa. Juu ya wauzaji hao bado hatujasikia Ezekieli 13 ikihubiriwa.