Paul Weller, mtunzi wa vitu vinavyoshikika

Wimbo "That's Entertainment", uliomo katika albamu ya Sound Affects ya mwaka 1980, karibu hauna mtu anayejitaja ndani yake. Beti zake ni orodha. King'ora cha polisi, zege lililobomolewa, lami inayonata kwa joto, ukuta wenye unyevu katika chumba cha baridi. Nomino inafuata nomino, na kitenzi kikijitokeza hakina mtendaji: ni kuamka alfajiri, kufungua madirisha, kuvuta harufu ya petroli, bila kuambiwa nani ameamka wala nani amefungua. Gitaa lisilo la umeme linazunguka palepale beti nzima, kana kwamba nalo limekwama katika mtaa huo. Halafu kinakuja kiitikio, ambacho karibu chote ni jina la wimbo likirudiwa, na hapo kinaya kinakamilika. Hukumu yote imewekwa nje ya ubeti. Ndani ya ubeti mna vitu peke yake.

Paul Weller, mtunzi wake, amesimulia kwamba aliuandika kwa dakika kama kumi akiwa amekunywa. Wakati huo kampuni ya Polydor haikuutoa Uingereza kama santuri ya wimbo mmoja. Mashabiki waliagiza nakala za Ujerumani, nazo zikauingiza kwenye chati za nyumbani. Wimbo ambao karibu hauna sentensi kamili sasa unahesabiwa miongoni mwa kazi bora za pop ya Kiingereza.

Weller alizaliwa mwaka 1958 huko Woking, mji wa kawaida kabisa kusini-magharibi mwa London. Amepitia awamu tatu: kundi la The Jam hadi mwaka 1982, The Style Council kuanzia 1983 hadi mwisho wa muongo huo, kisha kazi zilizobeba jina lake mwenyewe mpaka leo. Wanaoandika juu yake huzieleza awamu hizi kwa mavazi, kwa siasa au kwa umri. Mimi naona njia nzuri zaidi ni kuuliza maswali ya sarufi. Katika wimbo huu anayesema ni nafsi ipi? Anamwambia nani? Na nomino zake ni zile unazoweza kuzishika mkononi, au ni zile za kufikirika tu?

Katika The Jam jibu ni rahisi. Tuchukue "Down in the Tube Station at Midnight" wa mwaka 1978. Unaanza kwa kelele za kituo cha treni ya chini ya ardhi, na besi ya Bruce Foxton, mpiga besi wa kundi hilo, inaingia kwa hatua za mtu mwenye wasiwasi. Msimulizi ni nafsi ya kwanza, lakini hatuambii yeye ni mtu wa namna gani, anatuonyesha alichobeba. Ana fedha kidogo na chakula anachompelekea mkewe. Wahuni wanamvamia na kumpiga. Akiwa chini anakumbuka kwamba funguo zimechukuliwa, na kwamba mke atakaposikia mlango ukifunguliwa atadhani ni mumewe. Kitisho chote cha wimbo kimo katika zile funguo. Weller hahitaji kutaja hofu wala ukatili. Kitu kidogo cha mfukoni kinatosha. Kisha, badala ya kulia, macho ya msimulizi yanaishia kwenye maandishi ya ukutani na tangazo la reli linalowahimiza watu wasafiri kwa raha na kwa bei nafuu. Mtunzi mwingine angemaliza kwa maombolezo.

"The Eton Rifles" wa mwaka uliofuata una umbo tofauti, na umbo hilo lilimletea mtunzi matata. Ni kisa cha waandamanaji wa tabaka la wafanyakazi wanaokabiliana na wanafunzi wa Eton, shule ya watoto wa matajiri na watawala. Beti zimejaa dhihaka inayokata pande zote mbili: wanafunzi wanachekwa, na mwenzetu wa mrengo wa kushoto aliyejitapa baa kisha akatoweka kipigo kilipoanza naye anachekwa. Lakini kiitikio ni jina la wanafunzi hao likipigiwa kelele na umati, kwa sauti ya kishujaa kama ya uwanja wa mpira. Anayesikia kiitikio bila beti atadhani wanashangiliwa. Mwaka 2008 David Cameron, aliyesoma Eton na wakati huo akiongoza chama cha Conservative, alisema wimbo huo ni miongoni mwa nyimbo azipendazo. Weller alikasirika na kuhoji ni sehemu gani ambayo mwanasiasa huyo hakuielewa. Kwa haki, lawama kidogo ni ya fani yenyewe. Kiitikio kizuri mno humezwa peke yake, na beti hubaki na wachache wanaosikiliza.

Kufikia mwaka 1982 Weller alikuwa ameshajua kuugeuza mgongano huo wa sauti na maneno uwe ndiyo maana yenyewe ya wimbo. "Town Called Malice" ulifika namba moja Februari mwaka huo, mwezi mmoja baada ya idadi ya wasio na kazi Uingereza kuvuka milioni 3. Besi na ngoma zake zimefuata nyayo za Motown ya Detroit, muziki wa kuchezwa, na kinanda kinasukuma kila mtu ainuke. Maneno yanakwenda kinyume. Magari ya kusambaza maziwa yamekufa uani. Wanawake wa nyumbani wamekumbatia chupa tupu. Barua za zamani za mapenzi zimeanikwa kwenye kamba kama nguo. Familia inapaswa kuchagua kati ya bia ya baba na nguo mpya za watoto, na uchumi wote wa enzi ya waziri mkuu Thatcher umeingia katika mizani hiyo ya vitu viwili. Ukicheza wimbo huu unafanya kile wanachofanya wakazi wa mji ule: unaendelea kusogeza miguu kwa sababu kusimama ni kubaya zaidi. Sijui wimbo mwingine wake ambamo fani na maudhui vinategemeana hivi.

Mwaka huohuo alilivunja kundi likiwa kileleni. Santuri yao ya mwisho ya wimbo mmoja, "Beat Surrender", iliingia moja kwa moja namba moja.

Kwa The Style Council, kundi alilounda na mpiga kinanda Mick Talbot, swali la nafsi linageuka kabisa. Albamu ya kwanza ya kundi hilo Uingereza, Café Bleu ya mwaka 1984, inamwondoa mwimbaji mahali pake. Nyimbo kadhaa hazina maneno kabisa. "The Paris Match" anaimba Tracey Thorn. Mashabiki wa The Jam waliona huu ni usaliti. Mimi naona ni mtu anayejaribu kujua nini hubaki asipokuwapo. Jibu zuri zaidi limo katika "My Ever Changing Moods", uliotoka kwa sura mbili. Kwenye santuri ya wimbo mmoja una bendi nzima na matarumbeta, mwendo wake ni wa furaha. Kwenye albamu ni piano ya Talbot na sauti ya Weller tu. Maneno ni yaleyale, sauti ya wimbo ni ileile. Katika sura ya kwanza kubadilika kwa hisia ni uhuru, katika ya pili ni ugonjwa. Wimbo unaohusu kubadilika umebadilishwa, na hakuna neno lililoguswa.

Siasa ndiyo iliyomharibia sarufi. "Walls Come Tumbling Down!" wa 1985 unamhutubia "wewe" na kumwamrisha asimame, ni hotuba yenye mdundo mzuri. Kwenye jukwaa unafaa, na Weller alikuwa mstari wa mbele katika Red Wedge, kampeni ya wasanii kukiunga mkono chama cha Labour. Lakini vitu vimetoweka. Kuna kuta, na kuta hizo ni za mfano tu. Katika albamu ileile ya Our Favourite Shop kuna "A Stones Throw Away", ambamo anasindikizwa na fidla na ala nyingine za jamii hiyo pekee, bila ngoma. Hapo anapanga majina ya mahali katika safu moja: Chile, Poland, Johannesburg, Yorkshire ya kusini ambako wachimba makaa walipambana na polisi. Hamwamrishi mtu. Majina yaliyokaa jirani yanajenga hoja yote, na wimbo huo mdogo ni wa kisiasa kuliko ule wenye makelele.

Mwaka 1989 Polydor waliikataa albamu ya mwisho ya kundi, Modernism: A New Decade, iliyofuata muziki wa hausi wa Chicago, nayo haikutoka hadi 1998, ndani ya mkusanyo. Si mbaya kama inavyosemwa. Ila hausi hutaka maneno machache ya jumla yanayorudiwa, na mtunzi huyu hana lolote la pekee pale anaposema maneno ya jumla.

Tatizo hilo ndilo alilohama nalo alipoanza kazi ya peke yake. Wild Wood ya 1993 na Stanley Road ya 1995, iliyopewa jina la mtaa wa Woking alikokulia, zilimrudishia hadhi na umati. Sauti yake ilikuwa imekomaa, ina mikwaruzo na uzito, na upigaji wake wa gitaa ulikuwa na subira. Lakini sikiliza maneno. Katika "Wild Wood" anayeambiwa ni "wewe" asiye na jina wala mfuko, amepotea katika msitu ambao hauna mti hata mmoja unaoweza kuutambua. Kinachouokoa wimbo ni umbo: beti zinafuata karibu sauti moja ya huzuni, hakuna kiitikio kinacholipuka, na hivyo msikilizaji naye anazunguka bila kuiona njia ya kutoka. "You Do Something to Me" umebebwa na piano na koo. Ukiuandika kwenye karatasi, unabaki na hewa.

(Neno la pembeni kuhusu kuazima. "Start!" wa 1980 umejengwa juu ya besi inayofanana mno na ya "Taxman" wa The Beatles, na "The Changingman" wa 1995 umechukua gitaa la "10538 Overture" wa Electric Light Orchestra. Simlaumu. Mtunzi anayependa vitu huokota hata vya wenzake.)

Aliponishangaza tena ni kwa albamu ya 22 Dreams ya 2008, yenye vipande 21. Alikuwa amegundua kwamba kama ubeti hauwezi tena kubeba vitu, albamu inaweza. Wimbo wa mashambani unaingia kwenye jazi, jazi inaingia kwenye maneno ya kusemwa, na mpangilio ndio unaozungumza. Baadaye akaanza kuwaachia wengine maneno: True Meanings ya 2018 ina mashairi ya Erland Cooper na Conor O'Brien juu ya fidla zilizopangwa na Hannah Peel, na albamu ya 66, iliyotoka Mei 2024 siku moja kabla hajatimiza umri huo, ina michango ya Suggs wa Madness, Noel Gallagher na Bobby Gillespie. Wapo wanaoliona hilo kuwa dalili ya uchovu. Naliona ni uamuzi wa fundi anayejua sasa nguvu yake imo katika sauti na mpangilio, na kwamba yule kijana aliyeweza kuweka ndoa nzima ndani ya funguo hatarudi.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kumjua aanze na Sound Affects, aende Our Favourite Shop, kisha 22 Dreams aisikilize mfululizo bila kuruka kipande. Stanley Road, inayosifiwa kuliko zote alizofanya peke yake, inaweza kusubiri.