Japani ilianzia shambani. Na Rutshuru?

Bandugu, Embracing Defeat ya John Dower (1999) ni kitabu nzuri: inaonyesha namna Wajapani walijiinua chini ya jeshi ya Marekani, 1945 mpaka 1952. Lakini kwangu mimi agronomu, inakaa sana mjini. Shamba inapata nafasi kidogo, na kumbe mambo makubwa yalifanyika pale: kwa sheria ya 1946, Wamarekani wakisukuma, serikali ilinunua mashamba ya matajiri na kuyauzia wale waliokuwa wanayakodi. Mwenye kulima akakuwa mwenye udongo.

Rutshuru iko mikononi mwa M23 tangu Oktoba 2022. Wanaosema «Japani pia ilikaliwa, ikasimama», niwaulize: hapa kwetu ni mkulima gani amepata karatasi ya shamba? Kukaliwa peke yake hakuinui nchi.