Sifa za Mgawa Funguo

Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Base Camp ndiyo kitovu chake, na hapo Kiswahili cha Wakongomani hukutana sokoni na Kisomali, Kirundi na Kinyarwanda. Karibu kila mkazi ana faili mahali fulani. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wa nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Aliyekimbia Kivu anajua jina lake likifika mikononi mwa asiyestahili linaweza kumletea nini.

Kwa hiyo anastahili sifa fundi anayeyalinda majina kama hayo kwa kufungua akaunti za programu kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, ijapokuwa kazi yake haionekani.

Vikundi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku la kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Tuseme kijana wa Base Camp anakiandikia kikundi chake programu ya hesabu. Kila usiku, watu wakiwa wamelala, programu inanakili daftari lote na kulihifadhi kwenye seva ya kukodi. Inaingia kwa jina la nani? Njia rahisi ni kuipa nywila ya kijana mwenyewe, na hapo kufuli zote tatu zinafunguka kwa ufunguo mmoja.

Fundi mzuri hafanyi hivyo. Hufungua akaunti ya kazi hiyo peke yake, akaipa jina linalotaja kazi yenyewe, kisha akakaa kupima: inahitaji nini hasa? Google wana ruhusa inayoiwezesha akaunti kuweka faili ghalani bila kuweza kuzisoma, kuzibadilisha wala kuzifuta. Inatosha. Akiiba mtu ufunguo wa akaunti hiyo, hataliona hata jina moja. Wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliiandika kanuni hii mwaka 1975: kila programu ipewe uwezo wa kazi yake tu. Ingestahili wiki nzima ya masomo pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Mbarara.

Ufunguo nao una adabu zake. Kwa Amazon una sehemu mbili, na ile ya siri, yenye herufi 40, huonyeshwa mara moja tu, siku unapoundwa. Mtumiaji mmoja huruhusiwa funguo mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Fundi huunda mpya, huhamishia programu kwake, huuzima wa zamani bila kuufuta, hutazama siku kadhaa kama kuna kilichokwama, ndipo anaufuta. Kazi ya usiku haikosi hata siku moja.

Uzembe una gharama. Mwaka 2016 wezi waliingia katika hifadhi ya msimbo ya Uber huko GitHub, wakakuta ufunguo wa Amazon umeandikwa humo. Wakaondoka na taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva.

Siku hizi mafundi makini hukwepa hata kupakua ufunguo. Seva yenyewe hupewa akaunti, na wingu huipa kibali cha muda mfupi. Kwa Google, kwa kawaida, saa moja. Hakuna faili la kusahaulika kwenye simu iliyouzwa sokoni, wala la kutumwa WhatsApp kwa haraka. Kikundi kikimbadilisha mwandishi wake wa hesabu, fundi hufuta ruhusa za mtu huyo, na nakala ya usiku huendelea kwa akaunti ya programu yenyewe.