Katuni za Michezo na Hukumu ya Msomaji

Wako makada wanaodhani kwamba msomaji anayelalamikia katuni ya gazetini anapoteza wino wake bure. Fikra hiyo ni potofu. Katuni ya mfululizo husomwa hata na mtu asiyegusa ukurasa wa siasa. Kwa hiyo anayetaka kujua umma unaipimaje sanaa hana budi kusikiliza malalamiko hayo. Mfano mzuri tunaupata Marekani, kwenye katuni zinazosimulia michezo.

Mwaka 1958 Jack Berrill alianzisha katuni ya Gil Thorp, kocha wa shule ya sekondari ya Milford. Jina la kocha huyo lilitokana na wanamichezo wawili wa kweli, Gil Hodges wa besiboli na Jim Thorpe, bingwa wa Olimpiki ya 1912. Hadithi hufuata majira: futiboli ya Kimarekani wakati wa vuli, mpira wa kikapu wakati wa baridi, kisha besiboli. Hapo ndipo msomaji anapopata mamlaka ya kuhukumu. Michezo hiyo ameicheza mwenyewe, au mwanawe anaicheza. Anazijua kanuni, anajua mrushaji anavyosimama, na hesabu ya magoli anaiweka kichwani. Mchezo wa jioni moja, ukigawanywa katika picha chache kwa siku, huweza kuchukua siku nyingi. Naye ana muda wa kutosha kuligundua kosa.

Tukiyachambua malalamiko tunaona aina tatu. Kwanza, yako ya ukweli wa kazi: mchezo haukuchorwa kama unavyochezwa. Pili, yako ya mazoea. Berrill alifariki mwaka 1996. Kazi ikashikwa na Jerry Jenkins, kisha Neal Rubin mwaka 2004, na Henry Barajas mwaka 2022. Katuni ikibadili mikono, wapo wanaomdai kocha wao wa zamani. Tatu, ipo dhihaka ya wale wanaosoma ili wacheke. Lakini tusiidharau: anayerudi kila asubuhi kucheka bado hajaiacha hadithi. Aina ya kwanza ni elimu, ya pili ni mapenzi yaliyochanganyika na woga wa mabadiliko, na ya tatu mara nyingi ni mapenzi yaliyovaa kinyago.

Tulinganishe na Peanuts ya Charles Schulz. Tarehe 16 Oktoba 1962 timu ya Giants ya San Francisco ilifungwa 1–0 na Yankees ya New York katika mchezo wa saba wa fainali, baada ya pigo la mwisho la Willie McCovey kudakwa na Bobby Richardson. Schulz alikuwa mshabiki wa Giants. Tarehe 22 Desemba aliwachora watoto wawili wamekaa kimya, na mwishowe mmoja analia kwa nini mpira ule haukupaa futi tatu zaidi. Picha hizo hazina ushindi wala shujaa, ila zina uchungu wa mshabiki, na mshabiki aliutambua kuwa ni wake.

Lakini je, mchoraji atii kila ombi? Hapana. Timu ya Charlie Brown ilishindwa karibu kila mara kwa miongo kadhaa. Tarehe 30 Machi 1993 ndipo mtoto huyo alipopiga pigo la ushindi. Lau Schulz angemsikiliza kila msomaji mwenye huruma, pigo hilo lingekuja mapema na lisingekuwa na uzito wowote.

Hapa tunaufikia mgongano wenyewe. Kampuni inayoyauzia magazeti katuni humwona msomaji kama mnunuzi. Sauti yake ina thamani pale tu gazeti linapotishia kuiondoa katuni. Msomaji, kwa kulalamika, anakataa kuwa mnunuzi tu. Anasema: mchezo huu ni wangu, nionyeshe kwamba unaufahamu. Msanii anayeipuuza sauti hiyo anajitenga na umma. Anayeburutwa nayo bila kufikiri anaacha kazi ya kuongoza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na lalamiko la namna hii, uliza: je, linasahihisha ukweli, linatetea mazoea, au linadai faraja ya haraka? La kwanza litiiwe. La pili lijibiwe kwa heshima. La tatu lisubiri, kama Charlie Brown alivyosubiri.