Hofu Inaelekezwa kwa Nani? Tathmini Mpya ya Kazi za Kutisha za Said Ahmed Mohamed

Ni vigumu kumpata mwalimu wa fasihi katika shule zetu za upili ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa akiwa na kitabu cha Said Ahmed Mohamed mkononi. Riwaya ya Utengano (1980) na tamthilia ya Amezidi (1995) zilipata kuwa vitabu teule, na mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), aliouhariri pamoja na Ken Walibora, ulitahiniwa hadi mwaka 2017. Miongozo imeandikwa, dondoo zimerudiwarudiwa, na sifa za mtunzi zimekaririwa na kila mtahiniwa: mtetezi wa wanyonge, mwanamapinduzi, bingwa wa lugha. Hata hivyo, kuna upande mmoja wake ambao wahakiki wengi huupitia tu njiani. Said Ahmed Mohamed ni mtunzi wa kutisha. Katika kazi zake wafu hufufuka, wachawi huendesha dola, baa hufunguliwa kando ya makaburi, na watu wazima huishi pangoni. Makala haya yanauangalia upande huo, na kudai kwamba mpangilio wa ubora tuliouzoea unahitaji kubadilishwa.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Katika majibu ya watahiniwa wengi, kila linaloogofya huitwa taharuki. Hili ni kosa. Taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata, na inaweza kuwamo hata katika hadithi ya harusi. Kitisho ni jambo jingine. Msomaji anaweza kulijua fika litakalotokea na bado akaogopa, pengine akaogopa zaidi kwa sababu analijua. Aidha, kitisho si sawa na uhalisiaajabu, ambamo jambo lisilowezekana husimuliwa kana kwamba ni la kawaida. Mtunzi wetu huzitumia mbinu zote tatu, wakati mwingine katika ukurasa mmoja, na hapo ndipo wanafunzi wanapochanganyikiwa.

Ikumbukwe pia alikotoka. Alizaliwa Pemba mwaka 1947, kisiwa ambacho pwani nzima kina jina kwa uganga na uchawi. Baadaye alisomea Leipzig, akafundisha Chuo Kikuu cha Moi, Osaka na Bayreuth. Kwa hivyo masimulizi ya utotoni kuhusu wanga na mizuka aliyabeba mbali, akayarudia akiwa msomi aliyefunzwa kuuliza nani ananufaika na nani anaumia. Masimulizi hayo na swali hilo havikupatana kila mara, na ndiyo maana kazi zake zinapanda na kushuka.

Tuanze na inayosifiwa kuliko zote katika mkondo huu, yaani tamthilia ya Kivuli Kinaishi (1990). Mandhari yake ni Giningi, ile nchi ya wachawi katika simulizi za Visiwani. Anayetawala ni Bi Kirembwe, na raia wake hulishwa unga wa ndere ili wasijione, wasijiulize, waitikie tu. Kijana anayekataa kupotea anaitwa Mtolewa, jina linalotosha peke yake kumtisha msomaji anayejua kwamba katika lugha ya uchawi mtu "hutolewa" na jamaa zake. Wahakiki wamekubaliana kwamba Giningi ni jazanda ya dola ya kiimla barani Afrika baada ya uhuru. Hakuna ubishi hapo. Fani yake ni ya hali ya juu, na umati ule uliolevywa unaoitikia kwa pamoja unabaki akilini kuliko hotuba yoyote katika tamthilia zetu.

Lakini kitabu kinaposomwa mahali fulani, hubeba pia maana ya mahali hapo. Sisi tunaofundisha Kisii na Nyamira hatuwezi kulisoma neno "mchawi" kama jazanda tu. Ekegusii humwita omorogi, kwa mzizi uleule wa kitenzi "kuroga", na mwanafunzi wa huku analipokea neno la Kiswahili likiwa tayari na sura ya mtu. Mara nyingi sura hiyo ni ya mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mnamo Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Kisii baada ya kushukiwa kuwa wachawi. Habari za wakati ule zilisema kwamba kundi la watu lilikwenda nyumba kwa nyumba likiwa na orodha ya majina. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa kwa shutuma hiyohiyo. Safari hii kisa kilichotajwa kilikuwa mwanafunzi wa sekondari aliyedaiwa kurogwa.

Katika habari za mauaji ya aina hiyo kulitajwa pia daftari la shule, lililosemekana kuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Kumbukumbu za mkutano! Huo ni utungo tunaoufundisha wenyewe kila mwaka katika uandishi wa kiuamilifu: mahudhurio, ajenda, yatokanayo. Watu wameuawa kwa ushahidi wa maandishi ambayo hakuna aliyeuliza yameandikwa na nani. Ikiwa kuna somo lililopaswa kuuliza swali hilo, ni letu.

Basi Bi Kirembwe anapoingia darasani, hali inakuwaje? Mtunzi alimkusudia awe rais wa maisha. Mwanafunzi humwona ajuza wa ng'ambo ya kijito. Jazanda inayotegemea chuki ambayo jamii tayari inayo hufanya kazi haraka mno: msomaji anamchukia mtawala bila kuhitaji kuonyeshwa utawala wake, kwa kuwa ni mwanamke na ni mchawi. Huu ndio udhaifu wa Kivuli Kinaishi, na si mdogo. Mtunzi ametumia deni ambalo analilipa mtu mwingine. Zipo njia nyingine za kutisha, ingawa zina matata yake. Filamu za Dar es Salaam zilizotazamwa sana miaka ya 2000, mathalani Shumileta (2005) ya Mussa Banzi, zilimpa jini sura ya mwanamke kijana mwenye mapenzi. Huko napo mwanamke hakusalimika.

Hata hivyo sipendekezi tamthilia hii iwekwe kando. Ninachopendekeza ni kuhamisha jicho. Tumezoea kumwuliza mwanafunzi: "Fafanua sifa za Bi Kirembwe." Tumwulize kuhusu umati. Ni nani hasa aliyekula ndere? Kinachowafanya watu wengi waseme neno moja kwa sauti moja ni nini? Ukisoma hivyo, kinachofanana na Mei 2008 si yule bibi wa Giningi hata kidogo. Ni wale waitikiaji. Nyumba kwa nyumba, orodha mkononi, hakuna mmoja aliyesimama akasema hapana. Na anayesema hapana katika tamthilia ndiye Mtolewa. Usomaji huu umo katika matini, haulazimishwi. Ila mtunzi hakuupa nafasi ya kutosha, kwa sababu kiti cha enzi kilimvutia zaidi.

Riwaya ya Babu Alipofufuka (2001) ina tatizo tofauti. K, mtu mkubwa mwenye cheo na mali, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Kurasa za mwanzo ni miongoni mwa zinazotisha zaidi katika nathari ya Kiswahili. Nyumba ya kifahari inapoteza uimara wake, na mwenye nyumba anakuwa mgeni ndani ya vyumba alivyovijenga. Pia hapa mwelekeo wa hofu ni sahihi: anayeogopa ni mwenye nguvu, na anayeogofya ni yule aliyesahauliwa. Ni kinyume kabisa cha Giningi. Bahati mbaya ni kwamba Babu, akishafufuka, anageuka kuwa kiongozi wa ziara. Anamtembeza K, anamwonyesha, anamweleza, kisha anamweleza tena. Mfu anayetoa maelezo marefu hatishi. Mtahiniwa atapata maudhui chungu nzima ya kuorodhesha, lakini msomaji atakuwa ameshatulia kitini. Naona ni kazi yenye mwanzo wa bingwa na mwili wa mhadhiri.

Amezidi nitaipitia haraka. Ame na Zidi pangoni mwao, majina mawili yanayounganika kuwa shutuma moja, ni wazo zuri mno. Lakini pango lile linatisha kwa onyesho moja, kisha linazoeleka, na kejeli kuhusu misaada na utegemezi inachukua nafasi ya kila kitu. Tuliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi kutungia maswali. Kuhusu Dunia Yao (2006), ambayo wengine huiona kilele chake, nasema tu kwamba imejaa mno mawazo juu ya sanaa yenyewe hata hofu haipati pa kukaa.

Hadithi fupi ndizo zinazomwonyesha vizuri. Mkusanyiko wa Si Shetani si Wazimu (1985) tayari unakataa, kwa kichwa chake, majibu mawili ambayo jamii hukimbilia mtu anapobadilika: amepagawa au amerukwa na akili. Kama si hili wala si lile, basi ni nini? Swali hilo lina thamani kubwa huku kwetu kuliko mtunzi alivyoweza kudhani.

Na ipo "Gilasi ya Mwisho Makaburini", katika Damu Nyeusi, ambayo maelfu ya watahiniwa wa eneo hili waliisoma kati ya 2013 na 2017. Wahusika wanakunywa katika baa iliyo kando ya makaburi, Semeni akiwa mstari wa mbele kuwadhihaki wanaoamini mizuka, na saa zinakwenda. Walioisoma wanajua usiku ule ulivyokwisha. Ninachotaka kutaja ni uchumi wa maneno. Mtunzi hapandi jukwaani kuhutubu. Anaacha vicheko viendelee kidogo zaidi ya inavyopasa, na vicheko vyenyewe vinaanza kuogofya. Tena hadithi haimtafuti mchawi. Hofu imeachwa pale mezani, kati ya wanywaji, bila jirani yeyote wa kulaumiwa. Mwalimu anayetaka kufundisha kitisho kama mbinu na aanze hapa, si Giningi.

Kazi ambayo mimi ningeiweka juu ya zote, hata hivyo, ni ile ambayo hakuna anayeiita ya kutisha, nayo ni Utengano. Hamna mzuka ndani yake. Kuna nyumba ya Bwana Maksuudi, na binti anayeitwa Maimuna aliyefungiwa humo kwa jina la heshima, na mama anayetetemeka kwa sauti ya mlango. Mlango ule unatisha kuliko kaburi lolote alilolichora baadaye. Zaidi ya hayo kuna Bi Farashuu. Mtazame vizuri mwanamke huyu: ni mzee, anaogopwa, anapanga mambo gizani, na balaa inapoifikia nyumba ya tajiri mkono wake umo. Katika kijiji chochote chenye orodha, jina lake lingekuwa la kwanza. Lakini mtunzi anampa kile ambacho Bi Kirembwe hakupewa, yaani historia. Tunaambiwa kuhusu bintiye Mwanasururu, mali iliyoporwa, na mporaji ni nani. Kisasi chake hakipendezi, na riwaya haimtakasi. Madhara yanamfikia Maimuna ambaye hakuwa na hatia. Ila msomaji hawezi tena kusema "ni mchawi tu" akafunga kitabu.

Ajabu ni kwamba Utengano ilitangulia Kivuli Kinaishi kwa miaka kumi. Mara nyingi tunasimulia maendeleo ya mtunzi huyu kama safari ya kupanda, kutoka uhalisia wa "kawaida" hadi majaribio ya fani, na miongozo hurudia hivyo. Kwa upande wa kitisho safari haikuwa ya kupanda. Alipokuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, bila ndere wala wafu, alijua tayari kwamba anayeogopwa na anayedhulumiwa wanaweza kuwa mtu mmoja. Baadaye fani ilipotajirika, ujuzi huo ulipotea kwa muda, ukaonekana tena kwa sura nyingine katika mlango wa K.

Kwa walimu wenye nafasi ya kusoma nje ya vitabu teule, jaribio moja linafaa Kidato cha Tatu. Wape wanafunzi Bi Farashuu na Bi Kirembwe kwa pamoja, na swali moja: kila mmoja ameelezwa na nani, na nani hakuulizwa? Majibu yasisahihishwe kwa idadi ya hoja. Yasomwe kwa sauti darasani, na mwanafunzi atakayemtaja bibi fulani wa kwao aruhusiwe kumaliza sentensi yake kabla ya wengine kucheka.